Lindo la Hermelinda

Kijijini kwetu San Melchor hakuna taa za kuongozea magari. Hata moja, na za nini? Njia yenyewe ni moja tu, inapanda kutoka mtoni ikijipinda mpaka uwanja wa kanisa, na wenye haraka ni nyumbu peke yao wakishanusa mahindi. Basi mwaka ule wa korona serikali ya jimbo ilipotangaza kwamba kila mji utakuwa na taa yake, nyekundu ya kujifungia ndani, ya chungwa, ya njano, mpaka kijani ya kutoka, watu wetu walicheka wakashika mbavu. Waliocheka sana ndio waliokuja kuogopa sana, lakini hayo tuyaache. Habari yenyewe ni ya Hermelinda, na inasemwa hapa asije mtu wa mjini akatuhadithia kwamba San Melchor iliokolewa na taa.

Wakati huo hakuna aliyemwita Hermelinda. Alikuwa mke wa Celso, basi, na huyo Celso hatukuwa tumemtia machoni tangu binti yao anatambaa. Alikwenda kaskazini kuchuma matunda. Pesa zikaja, zikapungua, zikakoma. Jina lake lakini halikufutwa. Kwetu mwanamume akishaoa hukitumikia kijiji kwa zamu, bila mshahara: leo topil, yaani mlinzi, kesho mtunza maji, mwaka mwingine mkubwa wa kanisa. Na mkutano wa kijiji ukitaja jina lako huulizi mbona mimi. Mkutano wa kufunga mwaka ukataja: Celso, topil. Watu wakatazamana. Kule nyuma walikokaa wanawake, Hermelinda akasimama, akafuta mikono kwenye aproni.

"Celso hayupo," akasema. "Nileteeni hiyo fimbo ya zamu yake."

Don Abundio, mwenyekiti, akakohoa. "Mama, kazi hii ni ya kufukuza walevi. Utaiweza?"

"Walevi nimefukuza wengi, Don Abundio. Hata wewe nilikufukuza mlangoni kwangu siku ya sikukuu ya mtakatifu. Umesahau, au nikukumbushe ulivyokuwa umevaa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mke wa Don Abundio ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Fimbo akapewa. Topil mwenzake alikuwa Filemón, yule mnene anayepiga tuba, tarumbeta kubwa, kwenye bendi ya kijiji, mtu mwema, mvivu kidogo, mwoga wa mbwa. Tangu siku hiyo Hermelinda alitembea na ile fimbo hata akienda kusaga mahindi. Alikuwa akiringa, naam, na alikuwa na haki ya kuringa.

Halafu ukaja ugonjwa. Redioni tulisikia dunia inavyohangaika: huku wamefunga viwanja vya ndege, kule wanawake wamepangiwa siku zao za kutoka na wanaume zao, kwingine wakubwa wanasema ni mafua tu na huku wanazika. Kila serikali na lake, na jioni kila moja inajisifu. Sisi daktari wetu alikuwa akija mara moja kwa mwezi, akijisikia. Ugonjwa ungetupandia mlima ule, nani angetushusha? Tukakutana kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, viti vimetenganishwa, barakoa zimeshonwa kwa vitambaa vya meza, tukabishana mpaka jua likatuchoma visogo. Mwisho tukakata shauri.

Shauri lilikuwa hivi. Mnyororo wa lori bovu la ushirika wa kahawa ufungwe kwenye nguzo mbili za msonobari, pale kona ya juu. Juu ya mnyororo ndiyo San Melchor. Chini yake ni nje, hata ramani ya serikali iseme nini. Mwana wa kijiji akirudi atakaa majuma mawili kwenye ghala la mizani, hatua chache chini ya mnyororo, pale tulipokuwa tukipimia kahawa zamani. Chakula ataletewa, kitawekwa juu ya jiwe penye mnyororo. Akiwa mzima, karibu nyumbani. Atakayetoka ndani akavuka, naye atakaa ghalani vivyo hivyo. Na topil atakayeacha lindo lake jina lake litasomwa mbele ya mkutano, na asahau kupewa tena kazi ya heshima maisha yake yote. Watu wote waliinua mikono. Hermelinda aliinua wake wa kwanza, na ufunguo wa kufuli akaufunga shingoni kwa uzi mwekundu.

Wa kwanza kuonja mnyororo ule alikuwa Evelio mwenye duka, tena mdogo wake Don Abundio. Alikuja na gari limejaa bia, akapiga honi.

"Fungua, shemeji, bia inapata moto."

"Shemeji yako nani? Ghala hilo hapo. Majuma mawili."

"Mimi? Unanijua mimi ni mdogo wa nani?"

"Nakujua, na mama yako namjua. Ungekuwa mdogo wa Papa ungelala ghalani tu. Zima honi, unatutishia kuku."

Evelio alitukana mpaka sauti ikamkauka. Kaka yake alikuja juu ya mnyororo, akamtazama Hermelinda, akatazama ufunguo, akageuka akarudi zake. Evelio akakaa majuma yake mawili na bia yake, na alipotoka alikuwa na kinyongo cha kumtosha yeye na wajukuu zake. Ila tangu hapo hakuna aliyejaribu tena kupiga honi.

Mwezi ukapita, na mwingine. Kule bondeni kengele za makanisa zililia kila siku, tukizisikia upepo ukivuma huku. Kwetu hakuna aliyekohoa ila wazee, na wao walikuwa wakikohoa toka zamani.

Basi asubuhi moja, ukungu haujaondoka, Hermelinda akaona mtu anapanda kwa miguu, anasimama, anashika kiuno, anapanda tena. Hakuhitaji kumwona uso. Mama hahitaji uso. Alikuwa Amparo, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifua mashuka kwenye hoteli ya watalii huko pwani. Hoteli ilikuwa imefungwa, na mpishi aliyemtia mimba amerudi kwao na simu yake imezimwa. Tumbo lenyewe lilikuwa limeshashuka.

Amparo akaja akashika mnyororo kwa mikono miwili. "Mama."

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu. Vaa barakoa yako vizuri."

"Mama, ni mimi."

"Nakuona."

Juu ya ukuta wa makaburi watu walikuwa wameshakusanyika, maana kwetu habari humtangulia mwenyewe. Evelio alikuwa mbele yao amekunja mikono. "Haya tuone!" akapaza sauti. "Tuone kama huu mnyororo unauma wote, au unauma wa wenzako tu!"

Mkono wa Hermelinda ulikwenda shingoni ukashika ufunguo, kila mtu aliona. Filemón akamnong'oneza, "Doña Herme, fungua tu bwana. Mimi nitaangalia kule, sijaona kitu." Alimwambia kwa huruma, na Hermelinda alikuwa karibu afungue. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba ilikuwa karibu sana.

"Ghala limefagiliwa," akamwambia bintiye. "Kuna kitanda, kuna kuni, kuna blanketi langu. Chakula nitakuletea mimi mwenyewe mara tatu kwa siku. Majuma mawili, Amparo."

"Na nikijifungua humo kabla?"

"Hutajifungua kabla."

"Nani kakwambia, tumbo au mkutano?" Amparo alikuwa akilia kwa hasira, na ulimi wake ni wa mama yake. "Mtoto wangu atazaliwa chini ya mnyororo! Watamwambia nini akikua? Kitovu chako kiko wapi wewe? Nitamwambia aliyemfungia nje ni nani. Nitamwambia bibi yake alikuwa na ufunguo shingoni!"

Hapo ndipo palipomkata Hermelinda. Kwetu kondo la mtoto huzikwa mlangoni pamoja na majivu ya jiko, na asiyezikiwa kitovu katika udongo wa San Melchor anaweza kuishi hapa mpaka mvi, siku ya ugomvi wa shamba ataulizwa tu. Celso mwenyewe alizaliwa njiani mama yake akitoka sokoni, na aliulizwa mara nyingi. Wapo wanaosema ndiyo maana aliondoka. Na sasa, kwa shauri letu wenyewe, ghala lilikuwa nje. Na Hermelinda ndiye aliyekuwa ameinua mkono wa kwanza.

Alipeleka chakula mara tatu kwa siku kama alivyoahidi. Tortila za moto, chapati zetu za mahindi, ndani ya kitambaa, maharage, uji wa mahindi, siku nyingine kikombe cha chokoleti. Anaweka juu ya jiwe, anarudi nyuma, anaita. Amparo anakuja anachukua, hasemi asante. Siku za mwanzo hata salamu hakuna. Halafu siku moja akasema, "Chumvi imezidi," na Hermelinda akapanda njia akitabasamu chini ya barakoa mpaka Filemón akamwuliza amepata nini.

Bwana mmoja wa serikali alifika katikati ya hayo. Gari jeupe, viatu safi, barua ina muhuri. Kisa chake: jimbo limechora upya ramani, San Melchor sasa ni kijani, hakuna mgonjwa hata mmoja, hongereni, fungueni njia. Biashara lazima irudi. Na mkikawia, akaongeza kwa sauti ya upole, ile misaada ya unga inaweza kukawia nayo.

"Kijani tumekuwa kwa sababu ya nini?" Hermelinda akamwuliza.

"Kwa sababu... hakuna maambukizi, mama."

"Hakuna kwa sababu gani? Mlituletea dawa? Mlituletea daktari?" Akapiga mnyororo kwa fimbo ukalia. "Kijani chenyewe ndicho hiki. Unataka nikitoe?"

"Hii ni amri ya serikali."

"Na mimi ni topil. Mkutano umefunga, mkutano utafungua. Ni Jumapili, baada ya misa, uwanja wa kikapu. Ukitaka kusema, njoo ukae ghalani majuma mawili kwanza. Ila sasa lina mtu, itabidi usubiri."

Filemón alicheka mpaka akakaa chini. Yule bwana akageuza gari kwa tabu, kona ile ni nyembamba. Na unga ulikawia kweli, tusidanganyane. Tulikula mahindi yetu, wala hakuna aliyekufa kwa kula mahindi.

Jumapili mkutano ulikaa. Wengine walitaka kufungua kabisa, mara moja, tucheze ngoma. Wengine, waliokuwa na ndugu bondeni, walitaka tungoje mvua ziishe. Tukaamua tungoje mwezi mmoja, halafu tufungue kidogo kidogo, lori la kahawa kwanza. Hakuna aliyetaja Amparo. Hermelinda alikuwa amesimama kule nyuma na fimbo yake, akitazama midomo ya watu mmoja mmoja, na hakuna aliyemtaja.

Uchungu ulimshika Amparo kabla majuma mawili hayajatimia, mchana, mvua ya rasharasha. Filemón ndiye aliyesikia kwanza. Hermelinda akapanda kwenye jiwe, akaita. Jibu lililotoka ghalani halikuwa neno.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkunga wetu ni Nana Tacha, mkongwe, kifua chake kibovu toka ujana. Ugonjwa ungempata huyo tungebaki bila mkunga na bila Nana Tacha. Asivuke, hilo hata Hermelinda alilijua. Mtu wa kuvuka ni mmoja tu, mama mzazi, na mtu huyo alikuwa kwenye lindo.

Alivua uzi shingoni. Akamwekea Filemón ufunguo kiganjani, na fimbo juu yake.

"Doña Herme, fikiri. Watakusoma jina."

"Wakasome. Wahakikishe tu wanasoma langu, si la Celso."

Hakufungua kufuli. Hilo watu hulisahau wakisimulia, na sharti lisemwe: hakuufungua ule mnyororo. Alipandisha sketi, akainua mguu, akauvuka, mwanamke wa umri ule, mbele ya watu, kisha akashuka kwa mbio mpaka ghalani akafunga mlango.

Filemón alibaki na fimbo kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya maishani mwake: akakimbia. Alipanda mlima mzima na unene wake, akashika kamba ya kengele ya kanisa, akaipiga mlio wa msaragambo, ule wa kuita kila nyumba itoe mtu na jembe.

Tulipofika uwanjani hakuwa na pumzi. Alisema kwa vipande. Don Abundio akauma mdomo. "Ameacha lindo," akasema, na hakulisema kwa furaha. "Sheria tuliipigia kura wenyewe. Na mtoto atazaliwa nje. Sina la kufanya, jamani."

"Unalo," akasema Nana Tacha. Alikuwa amebebwa kitini na wajukuu wawili. "Sheria inasema kijiji kinaishia wapi?"

"Kwenye mnyororo, Nana."

"Nguzo zimeota mizizi?"

Wa kwanza kusogea alikuwa Evelio. Aliingia dukani kwake akatoka na mtaimbo, akatupita bila kumtazama mtu. "Msinitazame hivyo," akasema. "Simfanyii yeye. Ni msaragambo, kengele imelia." Thubutu kumwambia vingine.

Tulishuka wote. Tukang'oa nguzo mbili za msonobari, tukazibeba mabegani, mnyororo ukining'inia na kufuli lake bado limefungwa. Tukalipita ghala tukijibana ukingo wa pili wa njia, barakoa usoni. Chini yake, pale njia inapopinda kuelekea mtoni, tukachimba. Udongo ulikuwa tope tupu. Evelio alichimba shimo la kwanza peke yake, jasho na mvua vikimtiririka, akawa anafoka kwamba wengine wanachimba kama wanakuna mgongo.

Nana Tacha aliwekwa na kiti chake katikati ya njia, mwavuli juu, mbali na mlango lakini karibu ya kusikika, na sauti yake, kifua kibovu na yote, ilifika mpaka bondeni. "Hermelinda! Kichwa kimeonekana? Usivute! Nimesema usivute, hung'oi muhogo wewe! Amparo, mwanangu, mtukane mama yako, inasaidia!" Na Amparo, tulimsikia, alitii.

Nguzo zikasimama. Don Abundio akazitikisa moja moja, akavuta mnyororo, ukakaza. Akavua kofia. Akatazama juu kuelekea kijijini, akatazama ghala, ambalo sasa lilikuwa ndani, akasema kwa sauti ya mkutano ili asiwepo wa kusema hakusikia: "San Melchor inaishia hapa. Waliomo ghalani wabaki ghalani mpaka siku zao ziishe, sheria ni ile ile. Mwenye neno?"

Mtoto ndiye aliyekuwa nalo, kilio kimoja kikali, halafu kingine. Nana Tacha akaweka mwavuli chini akajifuta macho na barakoa, jambo ambalo daktari angemgombeza. Filemón alikuwa ameshatuma tuba yake iletwe. Bendi haikuwa imepiga tangu mnyororo ulipofungwa, na midomo ilikuwa imekauka. Walisimama njiani, kila mmoja mbali na mwenzake, mvua ikiingia kwenye tarumbeta, wakapiga ule wimbo wa asubuhi ya sikukuu. Waliukosea vibaya. Tulilia tu, watu wazima, na matope magotini.

Mlango wa ghala ukafunguka kidogo. Hermelinda akatoka na barakoa yake, mikono imelowa. Aliona bendi, akaona majembe. Aliutafuta mnyororo kule juu ulikokuwa, hakuuona, akakunja uso.

"Mmeufungua?" akauliza, na sauti ilikuwa kali. "Nani kawaruhusu?"

"Tazama chini, Doña Hermelinda," Don Abundio akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kumwita hivyo, kwa jina lake na kwa heshima.

Akatazama chini.

"Hukuacha lindo," akasema Don Abundio. "Lindo limekufuata. Filemón, mwekee mwenye fimbo fimbo yake."

Filemón akaiweka fimbo juu ya jiwe la chakula, na ufunguo juu yake, akarudi nyuma. Hermelinda akaja akavichukua. Uzi mwekundu akaufunga tena shingoni. Ndani Amparo akaita, sauti imechoka lakini ulimi ule ule.

"Mama! Waambie ni msichana! Na wasimwandike kwa jina la Celso!"

Kondo lilizikwa jioni ile mlangoni pa ghala, na majivu ya jiko la ghala, katika udongo wa San Melchor. Njia tuliifungua baadaye, kidogo kidogo, kama tulivyoamua. Lori la kahawa kwanza, soko, halafu misa. Mnyororo uliteremshwa na Hermelinda mwenyewe. Mtoto sasa anakimbia, ana maneno mengi mno, na ukimwuliza kwa utani kitovu chake kiko wapi, anakuonyesha ghala kwa kidole, kisha anakuuliza wewe kama na wewe walikuhamishia kijiji.